Bima ya Mizigo ya Baharini Ina Faida Gani?

Hapa Kaloleni tukisikia neno bima, wengi hufikiria matatu tu. Lakini hata anayetoa minofu ya mbuta hapa Kisumu na kuipeleka ng'ambo kwa meli kutoka Mombasa anaihitaji sana. Meli ikizama, atalipa mkopo wa benki kwa nini?

Mtasema, "Je, isipozama?" Kumbe hata hapo kuna gharama! Sheria ya kale ya bahari yasema kwamba pesa zikitumika kuokoa chombo kilicho hatarini, mwenye chombo na wenye mizigo wote huchangia, hata ambao mali yao haikuguswa. Machi 2021 meli Ever Given, yenye urefu wa karibu mita 400, ilikwama siku sita katika Mfereji wa Suez ikiwa na kontena zipatazo 18,300. Mwenye meli akadai mchango huo. Katika hali kama hiyo, mwenye bima hudhaminiwa na kampuni yake. Asiye nayo hutoa pesa taslimu kwanza, ndipo akabidhiwe mali yake mwenyewe.

Basi wenzangu mtakaofanya biashara kesho, tahadhari kabla ya hatari.