Haja ni Ipi, Anasa ni Ipi?

Zamani, katika kambi za Union Minière kule Katanga, mfanyakazi hakusumbuliwa sana na swali hili. Kampuni ilimgawia posho ya chakula, yeye na mkewe na watoto. Fedha iliyobaki mkononi aliweza kuinunulia baisikeli au kofia, na jamaa yake isilale njaa. Siku hizo zimepita. Leo ni juu ya baba na mama kuchagua wenyewe.

Tusiwalaumu upesi wanaotumia fedha siku ileile wanapoipata. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1 tu. Mwaka 1998 zaire mpya nayo ikaondolewa, franka ikarudi. Aliyeweka akiba ya noti sandukuni alibaki na karatasi. Aliyenunua mabati alibaki na nyumba. Lakini mabati si bia.

Baba mmoja wa Lubumbashi alimwambia mkewe mwanzoni mwa Machi: «Mama watoto, kitenge cha sikukuu ya tarehe 8 ni anasa. Unavyo vitano sandukuni.» Mkewe akamjibu kwa upole: «Ni kweli, baba. Na zile chupa mbili za kila Jumamosi, tuziite jina gani?» Bwana akanyamaza. Kisha akatwaa kalamu, akahesabu: mwaka una Jumamosi 52, basi chupa 104. Hakupata kuziona zote pamoja namna hiyo.

Wakaendelea kuandika. Unga, makala, sabuni: hapo hapakuwa na ubishi. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini madaftari hununuliwa, na mkubwa wao yu katika shule ya sekondari, ambako ada hulipwa. Simu iliwagawanya. Baba ni fundi, huitwa kazini kwa simu; kwake ni chombo kama nyundo. Ila nyundo haitumiki usiku kucha kutazama mpira, alisema mama, na sisi twaona alisema haki.

Ndipo walipokumbuka kwamba watoto wadogo wawili hulala bila chandarua, na malaria ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani mara mbili tangu mvua zianze. Jambo hilo halikuwa limeandikwa popote.

Vyandarua vilinunuliwa juma lile. Mama aliacha kitenge. Baba alibakiwa na chupa moja ya Jumamosi, na ni mkewe aliyekataa isifutwe: mtu aliyechoka, alisema, ana haja pia ya kuketi na rafiki zake.