Siku ya Porini na Mazuku

Watoto, siku ya kwenda porini na mwalimu kutazama majani na wadudu ni siku ya furaha. Lakini karibu na Goma, chini ya mlima wa moto Nyiragongo, jueni kwanza habari za mazuku. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu. Imo kidogo hata katika pumzi tunayoitoa. Ikiwa nyingi, huua. Ni nzito, kwa hiyo hulala mashimoni kama maji, hasa alfajiri, upepo ukitulia. Mkiona ndege au mbuzi amekufa shimoni, msishuke. Mwenzenu akianguka humo, msimfuate: mwiteni mwalimu mbio! Mungu ametupa macho na akili, tuvitumie.