Kamshafti Iliyobaki Chini

Katika msimu wa korosho, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Oktoba, magunia yanayokusanywa na vyama vya msingi vya Nanyamba, mkoani Mtwara, hupelekwa kwenye maghala makuu kwa malori ya wastani, hasa Fuso na Canter zilizonunuliwa Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na ndani ya mengi ya malori hayo valvu hufunguliwa kwa utaratibu ambao watengenezaji wa magari madogo waliuacha miongo kadhaa iliyopita. Utaratibu huo ndio unaotumika hadi leo katika injini kubwa za petroli za Marekani, zile zinazokokota matrela ya ng'ombe na zile zinazoiendesha Chevrolet Corvette, na baadhi ya sababu zilizoudumisha huko ndizo zilizoudumisha pia katika uwanda wa Makonde.

Kila injini ya mapigo manne huwa na valvu, yaani milango midogo ya chuma inayoingiza hewa ndani ya silinda na kutoa moshi, na valvu hizo huamrishwa na kamshafti, mhimili wenye nundu ambao huzunguka mara moja kila krenkshafti inapozunguka mara mbili. Katika injini nyingi za sasa kamshafti hukaa juu, kwenye silinda hedi, nayo huzungushwa na cheni au mkanda mrefu unaopanda kutoka chini. Katika injini ya pushirodi kamshafti hubaki ndani ya bloku, jirani na krenkshafti. Nundu huinua tapeti, tapeti husukuma fimbo nyembamba ya chuma ambayo ndiyo pushirodi, na fimbo hiyo huinua upande mmoja wa roka ili upande wa pili uikandamize valvu ifunguke. Fimbo hizo mara nyingi huwa na tundu katikati, na oili hupanda kupitia humo kwenda kulainisha roka.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika injini za silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, kwa kuwa kamshafti moja iliyolazwa kati ya safu mbili za silinda hutosha kuhudumia valvu 16, ilhali Toyota Land Cruiser V8 ya petroli ya lita 4.7, shangingi linalofahamika katika misafara ya viongozi wa Tanzania, ina kamshafti 4 na valvu 32. Hedi isiyobeba kamshafti huwa fupi na nyembamba, hivyo mhandisi huweza kuongeza ujazo wa silinda bila kuipanua injini kwa nje. Wanaoibeza pushirodi hupenda kugawanya nguvu za farasi kwa idadi ya lita, hesabu ambayo haimfai sana dereva, kwa sababu lita hupima nafasi iliyo ndani ya silinda, wala hazisemi injini ina uzito gani au inajaza kiasi gani cha nafasi chini ya boneti. Injini ya Chevrolet iliyobuniwa chini ya uongozi wa Ed Cole na kutolewa katika magari ya mwaka 1955 ilianza na lita 4.3; wazo lake la msingi lilirithiwa na injini ya LS1 ya lita 5.7 ya mwaka 1997, na baadaye na LT2 ya lita 6.2 inayotoa nguvu za farasi 495.

Ushahidi mzito zaidi umetoka kwa Ford. Baada ya kutumia kamshafti za juu katika injini zake kubwa za petroli tangu miaka ya 1990, kampuni hiyo iliunda upya injini ya malori ya mwaka 2020 na kurudi kwenye pushirodi: lita 7.3, bloku ya chuma cha kuyeyusha, nguvu za farasi 430 na torki ya Nyutoni mita 644. Torki ni nguvu ya kuzungusha, ile inayoliondoa gari lenye shehena pale liliposimama, na katika injini hiyo hufikia kilele kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika. Wanunuzi waliolengwa ni kampuni za ujenzi, umeme na uchukuzi ambazo zingeweza kununua dizeli, lakini dizeli za kisasa za Marekani ni ghali na hubeba mitambo tata ya kusafisha moshi.

Ubunifu huu una mipaka yake. Tapeti, fimbo na roka ni uzito unaokwenda na kurudi kila valvu inapofunguka, kwa hiyo injini haipendi mizunguko ya juu sana, na ni vigumu kuipa valvu nne kwa kila silinda. Unywaji wa mafuta umelazimisha mbinu ya kuzima baadhi ya silinda mwendo unapokuwa mwepesi, mbinu inayotegemea tapeti tata zaidi, na tapeti hizo zimekuwa chanzo cha malalamiko mengi. Hata hivyo, lori la Ram 1500 la mwaka 2025 lilipotoka bila injini ya pushirodi ya Hemi ya lita 5.7, wateja waliidai, na Juni 2025 kampuni ilitangaza kuirudisha.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuwa na petroli kubwa za pushirodi. Injini ya F ya Land Cruiser za zamani, yenye silinda sita na lita 3.9, ilitokana na kazi ambayo Toyota iliianza katika miaka ya 1930 kwa kuiga injini ya Chevrolet. Ikafuatwa na 2F ya lita 4.2, kisha 3F iliyoishia mwaka 1992. Bei ya mafuta ilichangia kuziondoa barabarani, na leo ushuru wa bidhaa unaoongezeka kadiri ujazo wa injini unavyokuwa mkubwa, pamoja na usukani wa kushoto wa magari ya Marekani, hufanya Ford ya lita 7.3 iwe kitu cha nadra sana Mtwara.

Kilichobaki ni pushirodi za dizeli. Canter yenye injini ya 4D33 ya lita 4.2 na Fuso yenye 6D16 ya lita 7.5 huzungusha kamshafti kwa gia, bila mkanda wa kukatika, na hedi ikifunguliwa ili kubadilisha gasketi, kamshafti na gia zake hubaki mahali pake bila kuvuruga taimingi. Land Cruiser za dizeli za 1HZ, zinazotumika sana kama magari ya wagonjwa, hutegemea mkanda ambao ukicheleweshwa kubadilishwa ukakatika, valvu zinaweza kugongana na pistoni. Kuseti tapeti za Fuso hakuhitaji kompyuta: injini ikiwa imepoa, fundi hufungua kifuniko cha hedi, huzungusha krenkshafti hadi pistoni ifike juu kabisa mwisho wa mgandamizo, huingiza kibamba cha fila geji kati ya roka na shina la valvu, hulegeza nati, hugeuza skrubu kwa bisibisi hadi kibamba kipite kwa kukwaruza kidogo, kisha hukaza nati huku bisibisi ikiizuia skrubu isigeuke. Kazi hiyo hufanyika kando ya barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye takribani kilomita 210, kwa vifaa vinavyoenea katika kisanduku kimoja.

Swali la petroli kubwa, hata hivyo, linaweza kurudi Mtwara kupitia gesi. Gesi asilia ya Mnazi Bay, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982; huzalisha umeme wa mkoa huo na tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako magari ya petroli hufungiwa mitungi ya gesi hiyo. Injini ya petroli huipokea gesi kwa urahisi kwa sababu tayari ina plagi za kutoa cheche, na Ford huuza injini yake ya lita 7.3 ikiwa imeimarishwa valvu na viti vyake kwa ajili ya matumizi hayo. Dizeli huwaka kwa joto la mgandamizo pekee, kwa hiyo mwenye Fuso wa Nanyamba atakayetaka kubebea korosho kwa gesi ya mkoa wake itambidi aichanganye gesi hiyo na dizeli, au aifanyie injini marekebisho makubwa, au atafute injini ya plagi yenye ujazo wa kuhimili tani zake, na katika injini za petroli za ukubwa huo ambazo bado zinaundwa kwa ajili ya malori, pushirodi ndiyo inayotawala.