Taa ya bluu na mtoto njiti mwenye manjano

Siku moja ya kiangazi mwaka 1956, madaktari wa hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, walikuwa wakipita kitanda kwa kitanda. Sista Jean Ward, msimamizi wa wodi ya watoto njiti, akawaonyesha mtoto mmoja aliyemvua nguo. Ngozi yake ilikuwa imefifia, isipokuwa sehemu moja ya pembetatu iliyokolea umanjano. Daktari mmoja akadhani mtoto amepakwa dawa. Kumbe alikuwa amelazwa juani, na pembetatu ile ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka.

Sista Ward alizoea kuwatoa njiti wake nje, akiamini hewa safi na jua huwafaa kuliko joto la wodini. Wiki chache baadaye, chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano iliachwa dirishani ikapigwa na jua. Ilipopimwa, rangi ya manjano ilikuwa imeshuka sana. Daktari Richard Cremer na wenzake wakaunda taa ya kufanya kazi hiyo, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Mwaka 1968, Daktari Jerold Lucey na wenzake wa Marekani walichapisha majaribio yaliyothibitisha kuwa mwanga huzuia manjano kupanda kwa njiti.

Manjano haya hayana uhusiano na homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjika na kuacha rangi iitwayo bilirubini. Ini huibadilisha iweze kuyeyuka kwenye maji, kisha hupita kwenye nyongo na kutoka na choo. Chembe za mtu mzima huishi siku 120 hivi. Za mtoto aliyetimiza miezi huishi siku 80 hadi 90, na za njiti pungufu ya hapo. Kwa hiyo njiti ana bilirubini nyingi ya kutoa, huku ini lake likiwa bado changa na utumbo wake ukienda polepole. Ndiyo maana watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi huonekana na manjano wiki ya kwanza, lakini kwa njiti ni 8 kati ya 10.

Wengi hupona bila madhara. Hatari huja bilirubini inapopanda mno ikaingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, au akanusurika akiwa kiziwi, au viungo vyake vikawa vinajipinda bila yeye kutaka, maisha yake yote. Ubongo wa njiti huumia kwa kiwango kidogo kuliko cha mtoto aliyetimiza miezi, hivyo daktari humwekea taa mapema zaidi.

Mwanga unaofaa zaidi ni wa bluu, wenye mawimbi ya nanomita 460 hadi 490. Hupenya ngozi na kuipiga bilirubini iliyo chini yake, nayo hubadilika umbo. Umbo hilo jipya huyeyuka kwenye maji, likatoka kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini liibadilishe bilirubini kwanza.

Mama anayeingia wodini humkuta mwanawe uchi chini ya taa, macho yamefungwa kitambaa yasidhurike, nepi imekunjwa chini ya kitovu. Huruma humjia, akatamani kumtandikia kanga. Kanga hiyo ingekuwa ile ncha ya shuka ya Rochford: ngozi isiyopata mwanga haitibiwi. Joto la mtoto lina mlinzi wake, ambaye ni inkubeta na muuguzi anayempima. Kazi ya mama ni maziwa. Anyonyeshe, au akamue mtoto apewe, kila baada ya saa 2 hadi 3, maana bilirubini hutoka kwa choo na mkojo. Choo laini cha kijani chini ya taa ni cha kawaida. Na akiona ngozi imetakata asiombe ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwanga husafisha ngozi kwanza, hivyo kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli, na hurudiwa hata baada ya taa kuzimwa.

Je, kwa kuwa jua ndilo lililofungua njia, kwa nini tusimwanike mtoto asubuhi kama tulivyozoea? Jua halina kipimo. Lina mionzi ya urujuanimno inayochoma ngozi, na njiti anaweza kuzidiwa na joto au kupigwa na baridi. Tena dakika chache mlangoni, mtoto akiwa amefungwa nguo, ni mwanga mdogo sana. Huko Lagos, Nigeria, watafiti waliweka watoto chini ya mahema ya plastiki maalumu inayochuja mionzi hatari, na matokeo waliyochapisha mwaka 2015 yalionyesha kuwa tiba hiyo haikupitwa na taa. Lakini watoto wale walikuwa wametimiza miezi au wamekaribia, na wahudumu waliwapima joto muda wote. Kumwanika njiti uani ni jambo jingine kabisa.

Ngozi nyeusi huficha manjano, kwa hiyo mtazame mtoto kwenye mwanga wa mchana. Bonyeza kidogo paji la uso au pua kwa kidole, uone rangi inayobaki ukiachia. Angalia weupe wa macho na fizi. Nguo zake usizihifadhi kwa naftalini, kwani watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD huvunjika damu kwa haraka wakiivuta.

Manjano yakionekana kabla ya saa 24 tangu azaliwe, yakifika viganjani au kwenye nyayo, au mtoto akilegea, akikataa kunyonya, akilia kwa sauti kali au akipinda mgongo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukimsubirisha jua la kesho, huenda ubongo wake usisubiri.