Mguu wa Mfanyakazi Upimwe, Usikisiwe

Kuna neno ambalo husikika kila siku bandarini, viwandani, mashambani na katika viwanja vya mpira. Mtu ameteleza na mzigo begani, au amekanyaga shimo, au amegongana na mwenzake wakigombea mpira. Anakaa chini ameushika mguu. Watu wanamzunguka, mmoja anaubonyeza mguu huo mara mbili tatu, kisha anatoa hukumu: "Haukuvunjika." Kwa neno hilo shauri limekwisha. Msimamizi anamtaka arudi kazini, na usiku nyumbani anakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa mafuta hata machozi yamtoke.

Sisi twasema kwamba hukumu hiyo ni pungufu. Mguu si mifupa peke yake. Iko misuli iuendeshayo. Ziko kano ziunganishazo msuli na mfupa. Na ziko ligamenti, yaani kanda ngumu zifungazo mfupa kwa mfupa mahali pa kiungo. Kila kimoja katika hivi vitatu chaweza kukatika huku mfupa ukibaki mzima kabisa, na kila kimoja chaweza kumwacha mtu na ulemavu kisipotambuliwa mapema. Mpagazi, msukuma mkokoteni wa Kariakoo na mkata mkonge wote hula kwa miguu yao. Watu hawa wana haki ya kupimwa, si kukisiwa.

Huenda msomaji akasema kwamba kupima ni kazi ya hospitali kubwa zenye mitambo. La, sivyo. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa masikio, macho na mikono, na tabibu wa zahanati aliyefundishwa vema aweza kuifanya juu ya kitanda cha kawaida.

Mpimaji mwema hutanguliza maswali. Mguu ulipinda upande gani? Ulisikia mlio wa kitu kukatika? Uliweza kusimama papo hapo? Uvimbe ulianza saa ngapi? Maswali haya si maneno ya kupitisha wakati. Goti lililovimba ndani ya saa mbili za kwanza kwa kawaida lina damu ndani yake, na mara nyingi ligamenti mojawapo ya zile zipitazo kama msalaba katikati ya goti imekatika. Goti lililovimba polepole hata kesho yake huelekea zaidi kuwa na jeraha la gegedu, ule mto laini ulio baina ya mifupa. Hata dawa alizotumia mgonjwa yafaa ziulizwe. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liwekwe juu ya dawa za jamii ya siprofloksasini, kwa kuwa zaweza kudhoofisha kano hata ikakatika, na ile ya kisigino ndiyo iathirikayo zaidi.

Baada ya maswali huja macho. Miguu yote miwili huwekwa wazi, kwa maana mguu mzima ndio kipimo cha ule ulioumia. Kisha mkono hugusa, ukianzia mbali na mahali pa maumivu na kukaribia taratibu. Mwisho mguu huchezeshwa kwa njia tatu: mgonjwa auchezeshe mwenyewe, kisha mpimaji auchezeshe mgonjwa akiwa amejilegeza, kisha mgonjwa asukume huku mpimaji akizuia. Maumivu yakija hasa wakati wa kusukuma kwa nguvu, shaka huelekezwa kwenye msuli au kano. Yakija mpimaji anapokipanua kiungo upande mmoja, shaka huelekezwa kwenye ligamenti.

Waganga huyagawa majeraha ya ligamenti katika madaraja matatu: iliyovutika tu, iliyochanika kwa sehemu, na iliyokatika kabisa. Hapa yafaa jambo moja lifahamike. Ligamenti iliyokatika kabisa huweza kuuma kidogo kuliko iliyochanika nusu, kwa sababu hakuna tena nyuzi zinazovutwa. Basi asiyelia si lazima awe ameumia kidogo, wala msimamizi asikifanye kilio kuwa kipimo chake.

Tuchukue mfano wa kifundo cha mguu, kwani hicho ndicho kiungo kitegukacho zaidi. Mwaka 1992 daktari Ian Stiell na wenzake wa mji wa Ottawa, huko Kanada, walitangaza kanuni ya kuamua ni nani ahitaji picha ya eksirei. Picha yatakiwa ikiwa mgonjwa ana maumivu penye kifundo, na hakuweza kwenda hatua 4 wala pale alipoumia wala mbele ya mpimaji. Yatakiwa pia akiumia anapobonyezwa ncha au ukingo wa nyuma wa mojawapo ya ile mifupa miwili itokezayo ndani na nje ya kifundo, katika sentimita 6 za mwisho. Katika unyayo ziko sehemu mbili nyingine za kubonyezwa: shina la mfupa uelekeao kidole kidogo, na mfupa utokezao upande wa ndani, juu ya uvungu wa unyayo. Kanuni hii haimfai mlevi, wala mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi, kama wengine wenye kisukari, kwa kuwa jibu lao haliwezi kutegemewa.

Faida yake ni dhahiri. Mahali ambapo mtambo wa picha uko mbali na nauli ni tatizo, vidole vya tabibu vyaweza kumwepusha mtu na safari isiyo na lazima, na vyaweza pia kumwamuru aende bila kukawia. Lakini kanuni hiyo yajibu swali la mfupa tu. Ikisema picha haihitajiki, haikusema kwamba ligamenti ni nzima. Siku ya kwanza uvimbe na maumivu huficha mengi. Kwa hiyo ni desturi njema mgonjwa arudi baada ya siku 4 au 5, uvimbe ukiwa umepungua, apimwe tena kama kiungo kimelegea. Hii siku ya pili ndiyo isahauliwayo, na wengi ambao kifundo chao huteguka kila mwaka walianza safari yao hapo.

Mfano wa pili ni kano nene ya nyuma ya kisigino, ambayo waganga huiita kwa jina la Achilles, shujaa wa hadithi za Kiyunani aliyeuawa kwa mshale wa kisiginoni. Ikikatika, mtu hudhani amepigwa teke au jiwe kwa nyuma. Akigeuka haoni mtu. Kwa kuwa ipo misuli mingine midogo, bado aweza kukokota mguu na hata kuinamisha unyayo, na hivyo hupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Lakini kipimo chake ni rahisi mno. Mgonjwa hulala kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, na mpimaji huliminya shavu la mguu. Unyayo ukijongea, kano ipo, usipojongea, imekatika. Daktari Simmonds wa Uingereza alikieleza kipimo hiki mwaka 1957, na Thompson wa Marekani akakieleza mwaka 1962. Hakina gharama yoyote. Kutokifanya ndiko kwenye gharama, kwani kano iliyopuuzwa kwa majuma mengi ni ngumu zaidi kutengenezwa.

Ziko pia hatari ambazo hujivika sura ya msuli uliochanika. Shavu la mguu lililovimba na kuuma bila sababu ya wazi laweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huua. Na mguu uliobanwa na mzigo, ukawa mgumu kama gogo, ukiuma kupita kiasi cha jeraha lenyewe na zaidi vidole vinaponyoshwa, huenda damu haipiti tena ndani ya msuli. Huyo ni mgonjwa wa kupasuliwa saa hiyo hiyo. Akingojewa hadi kesho aweza kuupoteza mguu.

Kwa ajili hiyo hatuwezi kunyamaza juu ya kuchua na kukanda. Hatuwadharau wazee wetu, ambao mikono yao imewafariji wengi. Lakini katika siku mbili tatu za mwanzo joto na kuchua kwa nguvu huzidisha damu kuvuja, na paja lililopigwa na kuchuliwa mapema laweza hata kuota mfupa ndani ya msuli. Siku hizo mguu upumzishwe, uinuliwe, uwekewe kitambaa cha baridi na kufungwa bendeji isiyobana. Baadaye mazoezi ya taratibu yaanze, kwani kulala mno nako hudhoofisha.

Tumalize na upande wa haki. Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Fidia, hata hivyo, haitolewi kwa kukisia. Hutaka taarifa ya ajali na maandishi ya tabibu. Yule aliyeambiwa "haukuvunjika" akaenda nyumbani akichechemea, hana taarifa wala maandishi. Na goti likimshinda mwaka ujao, atathibitishaje kwamba aliumia kazini? Hivyo kupimwa ni matibabu, na pia ni ushahidi.

Basi twawasihi wafanyakazi: aliyeumia mguu na aripoti siku ile ile, aombe ajali iandikwe, na aende kwa tabibu hata kama aweza kutembea. Twawakumbusha wasimamizi kwamba hawakupewa mamlaka ya kuwa waganga. Na viongozi wa matawi, wa Chama na wa vyama vya wafanyakazi, waulize katika kila mahali pa kazi: ajali za miguu huandikwa katika daftari gani, na nani huwapeleka waliojeruhiwa zahanati? Mahali ambapo hakuna wa kujibu, hapo ndipo kazi yao ianzie.