Kioo Kisichopitisha Mwanga: Istilahi na Ukinzani wa Metali Zisizo na Fuwele

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba shaba ni kipitishi cha umeme na kioo ni kihami. Akikuta "kioo cha metali" katika kitabu, atarajie nini?

Mwaka 1960, Klement, Willens na Duwez, watafiti wa California, walipoza aloi ya dhahabu na silikoni kwa kasi kubwa hata ikaganda kabla atomu hazijajipanga kuwa fuwele. Mwaka 1993, Peker na Johnson walitangaza aloi ya zirkoni, titani, shaba, nikeli na berili iliyoweza kuganda vivyo hivyo katika vipande vyenye unene wa sentimita. Jina la kioo lilitokana na mpangilio wa atomu, wala si uangavu. Hakuna aonaye ng'ambo yake. (Atakayekitazama atajiona mwenyewe, na hapo Kiswahili, ambacho huita kioo hata kile cha kujitazamia, kimepatia bila kukusudia.)

Sasa tuipoze. Katika waya wa shaba safi, ukinzani hutokana hasa na mtikisiko wa atomu. Baridi ikizidi, mtikisiko hufifia na ukinzani hushuka sana. Metali isiyo na fuwele haifuati mkondo huo. Elektroni zake hutawanywa na vurugu ya atomu zenyewe, na vurugu hiyo haipungui kwa baridi. Ukinzani mahususi wa aloi za zirkoni za aina hii, ambao katika halijoto ya kawaida ni takriban mara 100 ya ule wa shaba, hubadilika kwa asilimia chache tu, na mara nyingi huongezeka kidogo kadiri halijoto inavyoshuka. Kisha, Kelvini chache juu ya sifuri halisi, baadhi ya aloi hizo hupoteza ukinzani wote kwa ghafla. Hiyo si tabia ya kihami.

Kwa hiyo napendelea "metali isofuwele". Katika kirai nomino cha Kiswahili, neno kuu ndilo linaloainisha: "kioo cha metali" huiweka dhana miongoni mwa vioo, ilhali "metali isofuwele" huirejesha kwa jamaa zake, na ukanushi uliomo hutaja chanzo cha ukinzani wake. Wapo watakaopinga kwamba tumepoteza wazo la kuganda kutoka umajimaji, na hoja yao ina uzito, kwani metali isofuwele huweza pia kupatikana kwa kugandisha mvuke juu ya bamba baridi. Pale tofauti hiyo inapohitajika, mwandishi na aseme "metali isofuwele ya kumiminwa".