Damu ya kidole hadi kurasa za jarida: matokeo ya utafiti wa afya huandikwaje?

Kila mara tunapozungumzia utafiti wa afya redioni, ujumbe wa simu unaoingia kwa wingi ni ule ule: “Walikuja kijijini, wakatuchoma vidole, wakatuuliza maswali mengi, wakaondoka. Hatukusikia tena. Ile damu iliishia wapi?” Wanauliza wa tambarare, kule Maore, Ndungu na Kihurio, na wanauliza wa milimani pia. Ni swali la haki.

Jibu fupi ni kwamba damu ilikwenda maabara, majibu yakawa takwimu, na takwimu hizo zilitakiwa kuwa makala ndani ya jarida la utafiti wa afya. Kabla ya kuchapishwa, makala hiyo huitwa muswada. Hatua ya kuandaa muswada haionekani kijijini, kwa hiyo haizungumzwi. Lakini ndiyo hatua inayoamua kama muda wenu na damu yenu vitamsaidia mtu mwingine, au vitalala kwenye kompyuta ya mtu hadi iharibike.

Tuanze na mfano wa kwetu. Kati ya mwaka 1954 na 1959 ulifanyika huku mradi mkubwa wa malaria uliojulikana kama Mradi wa Malaria wa Pare na Taveta. Uliendeshwa na taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara, chini ya Dkt. Bagster Wilson. Nyumba za eneo la Pare, na za Taveta upande wa Kenya, zilipuliziwa ndani dawa ya kuua mbu iitwayo dieldrini. Upuliziaji ulianza 1955 na kusimamishwa 1959. Wazee wachache waliokuwa watoto wakati ule huenda bado wanakumbuka.

Kinachotuvutia ni jinsi kazi ile ilivyoandikwa. Mwaka 1957 watafiti wawili, Draper na Smith, walichapisha makala ya kwanza katika jarida la chama cha kitaalamu cha magonjwa ya nchi za joto, London. Makala hiyo ilieleza hali ya malaria katika eneo la Pare ilivyokuwa kwa kawaida yake. Mwaka 1960 wakachapisha sehemu ya pili katika jarida lile lile, wakieleza kilichotokea baada ya miaka mitatu ya kupulizia. Ripoti nzima ya mradi nayo ilitoka mwaka huo. Malaria ilipungua sana, na aina moja ya mbu karibu itoweke. Lakini ugonjwa haukwisha kabisa, na hilo nalo liliandikwa.

Ufuatiliaji uliendelea hadi 1966, miaka kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Mwaka 1969 mtafiti mwingine, Pringle, aliandika kuhusu vifo na idadi ya watu katika eneo hilo. Mwaka 1991, zaidi ya miaka thelathini tangu mabomba ya dawa yawekwe chini, mtaalamu aitwaye Bradley alizirudia tena takwimu zile zile za Pare na Taveta katika kitabu cha Benki ya Dunia kuhusu magonjwa na vifo Afrika. Aliweza kwa sababu wenzake wa zamani walieleza walipima nani, wapi, lini na kwa njia gani. Wangeandika tu kwamba malaria ilipungua, Bradley asingekuwa na la kufanya.

Basi muswada una nini ndani? Kwa kawaida una sehemu nne kubwa: utangulizi, njia zilizotumika, matokeo, na mjadala. Juu kabisa huwekwa muhtasari, mara nyingi wa maneno 250 hadi 300, na mwishoni orodha ya maandiko yaliyotumika. Kila jarida lina masharti yake ya urefu, majedwali na namna ya kupanga marejeo. Anayepuuza masharti hayo hurudishiwa kazi yake kabla hata haijasomwa.

Sehemu ambayo wengi huipitia haraka, nasi tunaiona kuwa ndiyo roho ya muswada, ni ile ya njia zilizotumika. Wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba watatuelewa. Mnunuzi mzoefu haridhiki na vipande vinono vilivyopangwa juu ya gunia, anataka limwagwe aone ya chini. Mhariri wa jarida naye hufanya hivyo, na gunia analolimwaga ni njia zilizotumika.

Tuseme, kwa mfano tu, watafiti walianza na watoto 300 pale Ndungu, na baada ya mwaka mmoja wakawapima 240. Wale 60 wamekwenda wapi? Labda 35 walihama na wazazi wao baada ya mavuno, 15 wazazi wao walijitoa, na 10 hawakupatikana siku ya kipimo. Hiyo ni habari muhimu. Kama waliokosekana ndio waliokuwa wagonjwa zaidi, matokeo ya wale 240 yatapendeza kuliko hali halisi. Mwandishi mkweli hueleza habari za wote 60. Mwandishi mwenye haraka huanza kuhesabu kutoka 240, na msomaji hajui kamwe kwamba kulikuwa na wengine.

Na utafiti ukionyesha kwamba dawa haikusaidia? Uandikwe pia. Tunasisitiza hili kwa sababu kishawishi cha kuficha matokeo mabaya ni kikubwa. Hakuna anayeshangiliwa kwa dawa iliyoshindwa. Lakini matokeo hayo yakifichwa, miaka mitano baadaye timu nyingine itafika kijiji kingine na dawa ile ile, itawachoma watoto wengine, na kugundua kile kile.

Majina nayo yana mambo yake. Wahariri wa majarida ya tiba, waliokutana kwanza Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wana kamati ya kimataifa ambayo miongozo yake hufuatwa na majarida mengi. Kamati hiyo inasema mwandishi ni mtu aliyetimiza mambo manne kwa pamoja: alichangia kwa kiasi kikubwa kubuni kazi, kukusanya takwimu au kuzichambua, alishiriki kuandika au kurekebisha muswada, aliridhia nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa yaliyoandikwa. Kwa hiyo mkuu wa idara ambaye kazi yake ilikuwa kusaini barua tu hastahili kuwekwa jina. Na muuguzi wa zahanati aliyekusanya takwimu miezi minane apewe nafasi ya kusoma na kurekebisha muswada, ili naye atimize masharti, badala ya kuachwa nje halafu aambiwe kwamba hakuandika. Hilo hutokea, na si haki. Wengine waliosaidia, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji hadi dereva, hushukuriwa mwishoni mwa makala.

Ninyi mliotoa damu hamwekwi majina, na hapo ni kwa ajili ya kuwalinda. Lakini kuficha jina peke yake hakutoshi. Chukua sentensi kama hii: “Mwanamke mwenye umri wa miaka 43, mwalimu, mkazi wa kitongoji fulani juu ya Chome, aligundulika na kifua kikuu sugu.” Jina halipo, lakini Chome nzima imeshamjua. Katika mji mkubwa sentensi hiyo isingemdhuru mtu. Kwenye milima yetu, ambako mtu anamfahamu hata mjomba wa jirani yake, ni sawa na kumtangaza kwenye spika ya mnadani. Muswada ulioandaliwa vizuri utasema “mwanamke wa makamo kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania” na kuishia hapo. Ikiwa ni lazima kueleza zaidi, au kuweka picha, mhusika aombwe ridhaa upya, ya maandishi, kwa ajili ya kuchapisha. Ridhaa ya kupimwa ni jambo moja, na ya kuandikwa habari zako ni jambo jingine.

Kuna pia vibali. Hapa Tanzania utafiti wa afya hupitia kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979. Cheti cha maadili cha NIMR kina masharti ambayo wananchi wengi hawayajui. Mtafiti anatakiwa kupeleka taarifa ya maendeleo kila miezi sita, na mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya nao wapate taarifa hiyo. Anatakiwa kuomba ruhusa ya NIMR kabla ya kuchapisha matokeo. Na makala ikishatoka, nakala ifike NIMR na Wizara ya Afya. Kwa hiyo anayeuliza “matokeo yetu yako wapi?” ana mahali pa kuanzia: ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, pale Same mjini.

Muswada ukitumwa, mhariri huuangalia kwanza. Ukimridhisha, huupeleka kwa wataalamu wengine, mara nyingi wawili au watatu, wasiohusika na utafiti huo. Wao huuliza maswali, nao waandishi hujibu moja baada ya jingine na kurekebisha. Huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Basi ukimya wa miezi sita baada ya timu kuondoka si lazima uwe dalili ya ujanja. Ukimya wa miaka mitano ni habari nyingine.

Tahadhari moja kwa vijana wetu walio vyuoni. Kuna majarida ya uongo yanayotuma barua pepe tamu, yakiahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa. Hayana mapitio yoyote ya maana. Ni kweli kwamba baadhi ya majarida halali pia hutoza ada, na mengine ada yake ni maelfu ya dola, lakini mengi hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi kama yetu wakiomba mapema. Malipo peke yake hayamtambulishi tapeli. Kinachomtambulisha ni kwamba hana swali lolote kuhusu kazi yako.

Na kwa matabibu na wauguzi wa zahanati: vitabu vyenu vya MTUHA vina habari nyingi ambazo hazijawahi kusomwa na mtu wa nje. Mkiona jambo, kwa mfano homa inayopanda kila baada ya mvua za vuli katika vijiji viwili tu, linaweza kuwa makala. Lakini anzeni na kibali, hata kama ni rejista za zamani tu mnazotaka kuzitumia, maana kibali cha maadili hakiombwi baada ya kazi kwisha. Ongeeni na mganga mkuu wa wilaya, kisha tafuteni mwenza mwenye uzoefu wa kuandika. KCMC pale Moshi kuna chuo na kamati ya maadili, na si mbali kwa basi.

Kwa mwananchi, timu ikifika kwako kabla hujatia sahihi au dole gumba, omba ubaki na nakala ya karatasi ya maelezo, ile yenye namba ya simu, na uitunze pamoja na kadi ya kliniki. Uliza matokeo yatarudishwaje kijijini, na nani ataitisha mkutano. Mwombe mtendaji aandike jibu lao.

Mkitaka kusoma wenyewe, Jarida la Utafiti wa Afya la Tanzania, linalotolewa na NIMR, linapatikana kwenye simu kupitia tovuti ya majarida ya Afrika iitwayo AJOL. Limeandikwa kwa Kiingereza. Msihangaike na makala nzima. Mpeni mwalimu au kijana wa sekondari ule muhtasari wa juu, awasomee kwa Kiswahili. Ni aya chache tu.